Kampuni Inapouzwa: Tetesi, Barua na Stahiki za Mfanyakazi

Kampuni inaponunuliwa na mwekezaji mpya, habari huwafikia wafanyakazi kwa njia mbili. Ya kwanza ni taarifa rasmi: tangazo la bodi, barua ya mkurugenzi, idhini ya mamlaka za Serikali. Ya pili ni redio mbao: dereva aliyewapeleka wageni hotelini, mhudumu aliyeingiza chai kikao kikiendelea, mlinzi aliyewaona wakaguzi wa hesabu wakitoka usiku na makabrasha. Redio mbao hufika kwanza. Mara nyingi huwa na chembe ya ukweli, na juu yake hupandikizwa mengi ya kubuni: idadi ya watakaopunguzwa, majina yao, hata tarehe. Kati ya fununu ya kwanza na barua ya mwisho unaweza kupita mwaka mzima, na ni katika kipindi hicho ambapo watu huacha kazi kwa hofu, husaini karatasi wasizozielewa, au hukopa kwa kutegemea malipo ambayo hayatafika.

Katikati ya Dar es Salaam jambo hili si geni. Tanzania ilipoanza kuuza mashirika yake ya umma, karibu 400 kwa jumla, kazi hiyo ilikabidhiwa tume iliyojulikana kwa kifupi kama PSRC, na kwa muda mrefu wa miaka ya 1990 neno "mwekezaji" mtaani lilikwenda sambamba na neno "kupunguzwa". Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, iligawanywa mwaka 1997, kisha mwaka 2000 asilimia 55 ya hisa za NBC zikauzwa kwa benki ya ABSA ya Afrika Kusini. Familia nyingi za Ilala, Temeke na Magomeni bado zina mzee anayekumbuka alivyoitwa ofisini na kukabidhiwa bahasha.

Mfano ulio karibu zaidi na soko la Kariakoo ni kiwanda cha bia cha TBL, kilichopo Barabara ya Uhuru, Mchikichini. Mwaka 1993 Serikali iliiuzia South African Breweries nusu ya hisa. Mwaka 2002 kampuni hiyo ilinunua Miller ya Marekani na kuitwa SABMiller. Oktoba 2016 SABMiller nayo ikamezwa na AB InBev yenye makao yake Ubelgiji, kwa bei iliyozidi dola bilioni 100. Wanahisa wakubwa wa AB InBev ni pamoja na Wabrazili walioanzisha kampuni ya uwekezaji ya 3G Capital, na utaratibu wanaojulikana nao ni bajeti inayoanzia sifuri: kila mwaka kila idara hutakiwa kueleza upya kwa nini inahitaji kila shilingi inayoomba, bila kutegemea ilichopewa mwaka uliotangulia. Makubaliano yaliyofikiwa Ulaya yakawa na uzito kwa mtu anayepanga makreti Mchikichini.

Kampuni ya Sigara Tanzania ya Chang'ombe ina historia ya aina hiyohiyo. R.J. Reynolds ya Marekani ilinunua asilimia 51 ya hisa zake mwaka 1995. Kundi la R.J. Reynolds lilikuwa limebeba mzigo wa madeni tangu liliponunuliwa mwaka 1989 na kampuni ya uwekezaji ya KKR kwa takriban dola bilioni 25, fedha ambazo nyingi zilikuwa za kukopa. Mwaka 1999 biashara yake ya nje ya Marekani ikauzwa kwa Japan Tobacco, na kiwanda cha Chang'ombe kikapata mmiliki mpya bila mtu yeyote wa Chang'ombe kuulizwa.

Katika mifano hii miwili kuna jambo ambalo mfanyakazi anapaswa kulielewa kabla ya mengine yote. Kilichouzwa ni hisa. Mwenye hisa alibadilika, lakini kampuni iliyoandikwa kwenye mkataba wa ajira ilibaki ileile. Mauzo ya namna hiyo hayavunji ajira ya mtu. Miaka ya utumishi inaendelea kuhesabiwa, likizo haipotei, mshahara haushuki kwa sababu tu mwenye hisa ni mwingine. Mtu akiambiwa asaini mkataba mpya unaoanza kuhesabu miaka upya "kwa kuwa kampuni imeuzwa", ana haki ya kuuliza: ni mali ya kampuni iliyouzwa, au ni hisa zake?

Mauzo ya mali ni jambo lingine. Kampuni moja inaweza kuiuzia nyingine majengo, mitambo, maduka au minara, yenyewe ikabaki na jina lake. Vodacom Tanzania iliiuzia Helios Towers zaidi ya minara elfu moja mwaka 2013, na kampuni zote mbili ziliendelea kuwepo. Shoprite iliziacha supamaketi zake za Dar es Salaam na Arusha kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Mali inapouzwa, mwajiri wa zamani ndiye anayedaiwa stahiki za wafanyakazi wake hadi siku ya makabidhiano, na mnunuzi huanza nao upya isipokuwa kama mkataba wa mauzo umesema vingine. Hapo ndipo wengi hupoteza miaka yao ya kazi, kwa kuwa mwajiri wa zamani ameshafunga ofisi na mpya anasema hawajui.

Mnunuzi akiwa mfuko wa uwekezaji, mwendo wake una mantiki yake. Mfuko wa aina hii hukusanya fedha kutoka mifuko ya pensheni, kampuni za bima, benki za maendeleo na matajiri, na kwa kawaida umri wake ni miaka 10 hivi. Ndani ya muda huo hununua kampuni, hukaa nazo miaka minne hadi saba, kisha huziuza. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza unafikiria siku ya kuuza, na bei ya kuuzia hutegemea faida ya mwaka. Faida huongezwa kwa kuuza zaidi au kwa kutumia kidogo zaidi. Kuuza zaidi huchukua miaka. Mishahara ikipunguzwa, matokeo huonekana kwenye hesabu za robo mwaka ileile. Si kila mwekezaji huja na panga, na iko mifuko iliyoweka mtaji na kuongeza ajira. Hata hivyo hofu ya mfanyakazi haitokani na ujinga. Inatokana na hesabu ambayo hata yeye anaiona.

Mauzo yenyewe huchukua muda mrefu. Millicom ilitangaza Aprili 2021 kwamba inaiuza Tigo Tanzania kwa kundi linaloongozwa na Axian ya Madagaska. Mauzo yakakamilika Aprili 2022, na jina jipya la Yas likaja Novemba 2024. Nchini Kenya subira kama hiyo ilikuwa na uchungu zaidi. Helios, kampuni ya uwekezaji yenye makao London, ilichukua asilimia 60 ya Telkom Kenya mwaka 2016. Februari 2019 Telkom ilitangaza kuungana na Airtel Kenya, na Julai mwaka huo ikatoa notisi kwamba wafanyakazi 575 wangepunguzwa kwa sababu ya muungano huo. Agosti 2020 muungano ukafutwa. Kwa zaidi ya mwaka watu walipanga maisha yao, karo za watoto na kodi za nyumba, wakitazamia jambo ambalo mwishoni halikutokea. Miaka miwili baadaye Serikali ya Kenya ikazinunua hisa za Helios.

Kabla ya kampuni kubwa kuuzwa Tanzania, mauzo hupitia Tume ya Ushindani, FCC. Lakini Sheria ya Ushindani ya 2003 hutazama hasa kama mnunuzi atapata nguvu ya kulitawala soko. Afrika Kusini, kabla ya kuruhusu AB InBev iichukue SABMiller, ilipata ahadi ya kudumisha idadi ya ajira za kudumu nchini humo kwa miaka mitano, kwa kuwa sheria yake ya ushindani inaitaja ajira waziwazi. Mfanyakazi wa Dar es Salaam hana sababu ya kutegemea kinga yake itoke kwenye idhini ya mauzo. Kinga yake imo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. (Zanzibar ina sheria yake, Na. 11 ya 2005.)

Kifungu cha 38 cha sheria hiyo, kwa namba zake za awali, kinastahili kusomwa na kila mwenye ajira. Kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu kutoa taarifa ya kusudio hilo mara tu anapoanza kulifikiria. Haitoshi kutoa taarifa baada ya orodha kukamilika. Anapaswa pia kuwapa wafanyakazi habari zote zinazohusika, na kushauriana nao kabla ya kumpunguza yeyote: kwa nini kunahitajika kupunguza, njia gani zinaweza kuepusha au kupunguza makali, watakaoondoka watachaguliwa vipi, lini, na watalipwa nini. Mashauriano hufanywa na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa mahali hapo, kama TUICO katika viwanda na biashara, na pia na wale wasio na chama. Wasipoafikiana, shauri hupelekwa kwenye usuluhishi. Kigezo cha kuchagua kinachotumika sana ni aliyeingia mwisho kutoka kwanza, huku wenye ujuzi wa lazima wakibakizwa. Kumchagua mtu kwa sababu ya ujauzito au uanachama wake katika chama ni kosa.

Tetesi zinapaswa kutazamwa kwa mwanga wa kifungu hicho. Mameneja wengi hulalamika kwamba wafanyakazi ni wambea. Ukweli ni kwamba umbea wa kazini hujaza nafasi ambayo sheria imemtaka mwajiri aijaze. Ofisi ikikaa kimya miezi sita huku wageni wenye kompyuta wakihesabu viti, watu watajitungia maelezo. Mwajiri anayesema mapema, "Tunafikiria kupunguza, hatujaamua wangapi, Jumatatu tunakutana na chama," huwaumiza watu, lakini huwaacha na jambo la kushika. Anayesema "hakuna atakayeguswa" na baada ya wiki tatu akagawa barua, hataaminiwa tena hata na wale aliowabakiza.

Kwa upande wa anayezisikia, tetesi inapimika. Kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam inawajibika kutangaza mauzo makubwa ya hisa zake. Majina ya wakurugenzi na wanahisa yamo kwenye kumbukumbu za BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, na mtu yeyote anaweza kuziomba kwa kulipa ada. Tawi la chama linaweza kumwandikia mwajiri na kudai maelezo ya kifungu cha 38, na barua ikishagongwa muhuri wa kupokelewa, ukimya wa mwajiri wenyewe unakuwa ushahidi. Orodha ya majina inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp bila barua, saini wala chanzo haifai kusambazwa. Inamdhalilisha aliyetajwa, na chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kusambaza kwa makusudi habari za uongo ili kupotosha kuna faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili.

Kipindi cha kungoja kina kazi ya kufanya. Kazi ya kwanza ni kukusanya karatasi na kuziweka nyumbani, si kwenye droo ya ofisi: mkataba wa ajira, barua za kupandishwa cheo, hati za malipo ya mshahara, fomu za likizo, nakala ya mkataba wa hali bora kama chama kimefunga mkataba huo na mwajiri. Siku ya barua watu wengi huzimiwa barua pepe na kunyang'anywa kitambulisho kabla ya saa sita mchana, na karatasi zikabaki ndani. Kazi ya pili ni kuangalia taarifa ya michango katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi, na mwajiri anayeyumba huanza kuchelewesha fedha hizo kabla ya kuchelewesha mshahara. Ni rahisi kudai miezi minne isiyopelekwa wakati ofisi ya uhasibu ingali na watu kuliko baada ya mwaka. Kazi ya tatu, ngumu kuliko zote, ni kutokopa. Aliye na mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara anafanya vizuri kusoma kama una bima inayogusa kupoteza ajira, kwa kuwa mingine inayo.

Mfanyakazi asijiuzulu kwa hasira. Anayeandika mwenyewe barua ya kuacha kazi hupoteza kiinua mgongo cha kupunguzwa na hujifungia mlango wa fao la kukosa ajira. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kulazimishwa kuacha kazi kwa kuwekewa mazingira yasiyovumilika, lakini hilo ni la kuthibitishwa, na kulithibitisha ni kazi. Vivyo hivyo kwa makubaliano ya kuondoka kwa hiari. Yanaweza kuwa mazuri, hata kuzidi kiwango cha sheria, ila karatasi hiyo kwa kawaida ina sentensi inayosema mfanyakazi hatadai kitu kingine chochote. Mtu apewe siku mbili tatu aisome na mtu wa chama au wakili kabla ya kusaini.

Kiwango cha sheria chenyewe ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Mfano: fundi anayelipwa mshahara wa msingi wa shilingi 780,000 kwa mwezi, anayefanya kazi siku sita kwa wiki. Siku yake moja, mwezi ukigawanywa kwa 26, ni shilingi 30,000. Siku saba ni 210,000. Akiwa amefanya kazi miaka 14, anahesabiwa 10: shilingi milioni 2 na laki 1. Juu yake kuna notisi ya siku 28 au malipo badala yake, mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuchukua, na cheti cha utumishi. Kama aliajiriwa Mbeya akaletwa Dar es Salaam, anadai pia usafiri wa kumrudisha yeye na mizigo yake, na mwajiri akichelewa kumsafirisha, posho ya kujikimu kwa siku za kungoja. Kipengele hiki cha usafiri husahaulika sana, na kwa aliyetoka mbali kinaweza kuwa na thamani kubwa. Bila mkataba wa hali bora uliopandisha viwango, miaka 14 ya jasho huishia kwenye fedha ambazo haziwezi kulipia pango la duka dogo Kariakoo kwa mwaka mmoja. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kujiunga na chama wakati mambo bado ni shwari.

Vibarua ndio wanaoumia bila hata kuandikiwa. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja hayumo katika kinga ya kuachishwa isivyo haki, na mara nyingi wao ndio wa kwanza kuambiwa langoni asubuhi kwamba leo hakuna kazi.

Anayeona amepunguzwa kinyume cha utaratibu huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Saa inaanza kuhesabu siku ile ile ya kuachishwa: kwa madai ya kuachishwa isivyo haki ana siku 30, na kwa madai mengine, kama malipo yasiyolipwa, siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Anajaza Fomu Na. 1, anampelekea mwajiri nakala, na anawasilisha tumeni bila ada. Kwanza hukaa msuluhishi; ikishindikana, shauri huenda kwa mwamuzi; asiyeridhika huomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Wengi huzimaliza siku zao 30 wakisubiri ahadi ya ofisa utumishi kwamba "suala lenu linashughulikiwa". Baada ya hapo hulazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu ya kuchelewa, na ahadi ya mdomo ni sababu dhaifu.

NSSF hulipa fao la kukosa ajira kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na kuachishwa bila kutaka: theluthi moja ya mshahara wake kwa mwezi, kwa miezi sita. Si fedha ya kujengea, ila inanunua unga na kulipa umeme huku mtu akitafuta.

Na wengi hutafuta Kariakoo. Kwa miongo kadhaa soko hili limepokea watu wa viwandani, benki na bandarini waliofika na bahasha mkononi, na kosa linalojirudia ni kuimaliza bahasha yote kwenye fremu. Dalali huonyesha chumba cha mita mbili kwa tatu Mtaa wa Narung'ombe au Aggrey. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na mpangaji anayetoka anadai kilemba, yaani malipo ya kuachia nafasi. Yakilipwa yote hayo, mtaji wa bidhaa umekwisha kabla ya mlango kufunguliwa. Eneo lenyewe lina misukosuko yake: soko kuu liliungua Julai 10, 2021, wamachinga wakaondolewa kandokando ya barabara mwaka huo huo, Mei 2023 maduka yalifungwa kwa mgomo uliohusu kodi za Serikali, hadi Waziri Mkuu akakutana na wafanyabiashara Mnazi Mmoja, na Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka na kuua watu.

Wanaodumu huanza chini zaidi. Huingia kwa mwenye duka wanayemfahamu na kuwa mawinga: winga husimama Mtaa wa Congo au Msimbazi, humsikiliza mteja anataka nini, humpeleka dukani au humletea mzigo, na pato lake ni cha juu alichoweka kwenye bei. Hahitaji fremu wala stoo. Ndani ya miezi michache anajua viatu vipi vinatoka mwezi wa shule, duka gani linauza jumla kwa bei ya kweli, mzigo upi unakaa. Aliyekuwa mtunza stoo kiwandani au karani wa benki huja na kitu ambacho mawinga wengi hawana, mazoea ya kuandika kila kinachoingia na kutoka. Kiinua mgongo chake kikiwa bado benki na fao la NSSF likilipia chakula cha nyumbani, anaweza kungoja fremu ya kuchangia na mwenzake badala ya kuchukua ya kwanza aliyoonyeshwa, na akaingia na TIN na leseni ya jiji mkononi tangu siku ya kufungua.